Kinyonga Anapinda Kushoto

14 Januari

Shule imefunguliwa. Kabla ya kusaini kitabu cha mahudhurio nilipita maabara, nikafungua kabati. Kinyonga yupo, mzima, vumbi kidogo mgongoni.

Mkuu wa shule ametaka taarifa ya maendeleo yake kila mwezi. Hiyo nitaiandika kwingine. Daftari hili ni langu.

Kinyonga ni roboti ya miguu minne, ukubwa wa kuku tetea. Kila mguu una mota mbili: moja inanyanyua, nyingine inasogeza. Mbao yake nyembamba ya msindano aliikata kaka yangu Kajetani mwezi Oktoba, kazi yake ya kwanza tangu msumeno wa kiwandani umtoe vidole viwili. Mota, nyaya na betri alizitafuta Muhsini, fundi simu wa sokoni, ambaye pia ndiye aliyenifundisha kuandika programu. Lakini namba ni zangu. Mguu upi utangulie, unyanyuke nyuzi ngapi, wenzake wasubiri kwa muda gani. Nilizipata kwa miezi mitatu ya kupiga magoti sakafuni. Wasichana wa Kidato cha Tatu ndio waliompa jina, kwa sababu kabla ya kukanyaga hupepesuka mbele na nyuma kama kinyonga kwenye tawi.

Novemba alitembea mita tatu juu ya mstari wa chaki bila kutoka. Tarehe 20 Machi atatembea mbele ya wageni. Akifika mwisho, stoo ya zamani nyuma ya maabara inakuwa karakana ya wasichana. Asipofika inakuwa ya mahindi ya uji. Mkuu ameshatamka.

17 Januari

Mvua tangu asubuhi. Kinyonga ametoka kwenye mstari, kushoto, sentimita nne. Nimechaji betri upya. Bado nne.

21 Januari

Muhsini alikuja jioni baada ya kufunga kibanda. Nikamwonyesha. Akaushika mguu wa nyuma wa kushoto, akaupeleka kwenye mwanga wa dirisha, akaupapasa kwa kidole gumba.

"Madam, hii mbao ilipigwa vanishi?"

"Kaka Kajetani anajua kazi yake."

"Sijasema hajui. Nauliza tu."

"Basi usiulize mbao. Uliza nyaya zako."

Kajetani mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, ameniletea mwavuli. Muhsini alimwona, akautazama ule mkono wenye vidole vitatu, akanyamaza. Akaaga mapema. Sikuipenda ile namna ya kunyamaza.

29 Januari

Mvua. Sentimita kumi na moja.

3 Februari

Mguu wa nyuma wa kushoto una nyuzi 62 za kunyanyua. Nimeliandika hilo kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kabati. Leo kwenye kompyuta nimekuta 65.

Huenda nilibonyeza vibaya mwenyewe. Nimerudisha 62.

6 Februari

Mimi si mtu wa kubonyeza vibaya. Leo ni 67, na mguu wa mbele wa kushoto nao umeguswa. Nimerudisha zote kama karatasi inavyosema. Sikutaka hata kumjaribu na namba za mtu nisizojua zimetoka wapi.

Ufunguo wa maabara wanao watu watatu. Mimi. Muhsini, kwa ruhusa yangu. Na Mwalimu Leonce, makamu mkuu, anayeshika funguo zote za shule. Nilimuuliza Leonce kama kuna mtu ameingia. Akacheka kidogo.

"Madam Lidwina, mimi kompyuta naijua kwa kuiwasha na kuizima. Huyo kijana wako je?"

"Muhsini?"

"Unamfahamu vizuri? Kwao wapi?"

"Nakapanya, wilaya ya Tunduru."

"Basi," alisema, kana kwamba nimejibu swali. "Mtu anakuja kila jioni, bure, mwaka mzima. Hujajiuliza anatafuta nini?"

Nilikuwa sijajiuliza.

11 Februari

Muhsini alinikuta nasahihisha mitihani, akaenda maabara peke yake. Baada ya nusu saa akaniita. "Njoo uone, Madam." Kinyonga akatembea mita tatu, mguu baada ya mguu, mstari wa chaki ukiwa katikati ya tumbo lake mwanzo hadi mwisho. Wasichana walipiga makofi. Mimi pia nilipiga.

12 Februari

Asubuhi namba zilikuwa zimebadilishwa tena. Nikarudisha zangu, nikamwasha. Akapinda kushoto mpaka akagonga mguu wa meza. Kwake anatembea, kwangu analewa. Mbele ya wanafunzi wangu.

14 Februari

Siku mbili za jua. Leo nimechelewa kurudisha namba, nimemwasha hivyo hivyo na namba za Muhsini. Amekwenda KULIA. Sentimita tisa. Hiyo si bahati mbaya. Mtu anamchezea, na anataka nikose pa kushika.

20 Februari

Nimepita sokoni kununua dagaa kwa Lukresia, meza yake imepakana na kibanda cha Muhsini. Muhsini alikuwa anaongea na simu kwa Kiyao, kanipa mgongo. Katikati ya Kiyao nikasikia "Kinyonga", halafu "Madam", halafu kicheko. Aliponiona akasema "baadaye" na kukata.

"Shwari, Madam?"

"Shwari."

Ndani ya kibanda ameketi mgeni mwenye mkoba mkubwa wa turubai. Hakutambulishwa. Mwaka mzima nilikuwa natambulishwa hata kwa wateja.

Nimemwambia Leonce. Amesema Dar kuna watu wanaozunguka mikoani kununua vitu vya namna hii kwa mafundi, kisha majina ya wenyewe hayaonekani tena.

4 Machi

Mfungo umeanza. Muhsini anasema jioni lazima awahi kufuturu, kwa hiyo sasa anakuja saa sita mchana. Saa sita mchana mimi nina vipindi viwili mfululizo upande wa pili wa shule. Ratiba yangu anaijua. Ilibandikwa ukutani, yeye mwenyewe ndiye aliyenisaidia kuibandika.

5 Machi

Nimeweka neno la siri kwenye kompyuta. Nimelitunga kwa Kingoni ili asibahatishe.

6 Machi

Namba ziko vilevile. Usingizi umekuwa mtamu.

Saa sita na nusu alinifuata mlangoni mwa darasa, midomo imekauka kwa saumu. "Madam, umefunga kompyuta?"

"Shule ndiyo imefunga. Maelekezo mapya."

Alijua nadanganya, nami nilijua kwamba anajua. "Mvua inazidi," alisema. "Akikaa na namba hizo, siku ya wageni hatafika."

"Hizo ndizo zilizomfikisha Novemba."

"Novemba ilikuwa Novemba."

Nimerudi darasani nikakosea hesabu ya mwendokasi ubaoni. Lile neno, hatafika. Mtu akikwambia jambo kabla halijatokea, si ndiye mwenye kulitengeneza?

10 Machi

Nitaandika taratibu, nisiruke kitu.

Mvua ilikatiza kipindi, bati lilikuwa linapiga kelele hata sauti yangu siisikii. Nikaenda maabara. Muhsini alikuwa ametoka kwenda kuswali. Chini ya meza ya mwisho kulikuwa na ule mkoba wa turubai. Nikaufungua.

Miguu minne. Mbao nyekundu, nzito, imepigwa msasa mpaka inateleza. Umbo lilelile, matundu ya skrubu palepale, urefu uleule. Miguu ya Kinyonga, ila siyo ya Kinyonga wangu. Ametengeneza wa pili. Wangu anaharibiwa kidogo kidogo hadi tarehe 20, na wake atatokea siku nyingine, mahali pengine, akitembea kwa namba nilizozitafuta mimi kwa magoti.

Nimeurudisha mkoba kama ulivyokuwa. Sikumwambia kitu. Nilikwenda moja kwa moja kwa Leonce.

11 Machi

Ilikuwa chai ya saa nne, ofisi ya walimu, watu kumi na wawili. Mkuu alimwita Muhsini. Leonce akaniambia, "Sema mwenyewe, Madam." Nikasimama, nikasema. Namba kubadilishwa mara saba, tarehe zote ninazo. Simu za Kiyao. Mgeni. Kuja saa ninazofundisha. Halafu nikaweka ile miguu minne, niliyoichukua asubuhi kwenye mkoba, juu ya meza, kati ya vikombe.

"Ulibadilisha namba?" Mkuu aliuliza.

"Nilibadilisha."

"Kwa nini hukumwambia mwalimu?"

Muhsini aliangalia mlango, akaniangalia mimi. Nilitegemea ajitetee. Nilikuwa na jibu la kila utetezi.

"Sina la kusema hapa," alisema.

"Basi ni mwizi," Leonce alisema, wala hakupandisha sauti.

Walimu waligeuza macho kwangu, kama vile mimi ndiye wa kuthibitisha neno hilo au kulikataa. Nilisema, "Ndiyo. Ni wizi."

Ameacha ufunguo mezani na kuondoka kwenye mvua bila mwavuli. Ile miguu ameiacha pia.

20 Machi

Mvua ilianza saa kumi na moja alfajiri, haikukata. Wageni watano, viatu vimejaa tope jekundu, wakapewa viti vya mbele. Wasichana arobaini wamejipanga ukutani, sare zimepigwa pasi. Rosemary, kiranja wao, ndiye aliyechora mstari wa chaki. Nilikuwa na namba zangu mwenyewe, safi, hazijaguswa na mtu kwa wiki mbili.

Hatua ya kwanza alipepesuka, wageni wakatabasamu. Ya pili. Ya tatu mguu wa nyuma wa kushoto uliburuza. Haukunyanyuka, uliburuza, kama mtu mwenye kiatu kilichoshika matope. Kinyonga akageuka kushoto. Rosemary alinong'ona, "Rudi, rudi, rudi." Kabla ya mita moja alikuwa nje kabisa ya mstari. Hatua iliyofuata akalala ubavu, miguu mitatu inaendelea kupiga hewa mpaka nilipochomoa betri.

Mgeni mmoja alisema jambo la upole. Sikumbuki ni lipi.

Leonce alinishika bega. "Unaona alivyokuharibia?"

Nikasema naona. Lakini nilikuwa nimeinama, namwokota Kinyonga, na ilinijia kwamba Muhsini hajamgusa tangu tarehe 11. Nikalifukuza wazo hilo. Aliharibu kitu ndani, kitu nisichokijua.

2 Aprili

Magunia ya mahindi yameingia stoo. Thelathini na mawili. Ufunguo anashika Leonce.

Nilianza kumfikiria Leonce vibaya, nikajizuia. Nimechoka kufikiria watu vibaya.

9 Aprili

Kibanda cha Muhsini kimefungwa kwa mnyororo. Nimepita upande wa pili wa barabara nisionane na Lukresia.

23 Aprili

Mvua.

8 Mei

Wiki ya pili sasa hakuna mvua. Asubuhi Songea ni baridi, ukungu ukiondoka linakuja jua kavu. Niliamua kumfungua Kinyonga nitoe mota, mwakani tuzitumie kwa kitu kingine. Nikasema nimwashe mara ya mwisho, basi tu.

Alitembea mita tatu. Mstari wa zamani wa Rosemary ulikuwa umefifia lakini unaonekana, na hakutoka juu yake hata kwa upana wa kidole.

Nikamrudisha mwanzo. Akatembea tena. Nikafanya mara sita. Hakuna aliyemgusa tangu tarehe 20 Machi. Namba ni zilezile. Betri ni ileile. Sakafu ni ileile. Nilikaa chini sakafuni na kuorodhesha kila kitu ambacho hakijabadilika, mpaka kikabaki kimoja tu kilichobadilika, nacho kilikuwa nje ya dirisha.

9 Mei

Jana mchana niliufungua mguu wa nyuma wa kushoto, nikaupima, kisha nikaufunika kwa kitambaa chenye maji. Leo umenenepa kwa milimita mbili na umepinda kama mgongo wa kijiko. Tundu la mota limehama. Ukiwa hivyo, nyuzi 62 haziutoi sakafuni. Nimepiga hesabu mara tatu. Unahitaji 66, au 67.

Hizo ndizo namba za Muhsini.

Jioni nikamwonyesha Kajetani, nyumbani, Bombambili. Aliugeuza ule mguu kwa vidole vyake vitatu, kwa muda mrefu.

"Sikupiga vanishi," alisema. "Siku ile mkono uliuma. Nikasema nitapiga kesho, ukaja kuichukua. Msindano mtupu unakunywa maji hata ya hewani, Lidwina. Kila fundi anajua." Akanitazama. "Muhsini alijua?"

Niliitikia kwa kichwa. Ameuacha ugali wake nusu.

17 Mei

Nakapanya. Basi la alfajiri, nimefika saa saba mchana. Nyumba nilielekezwa na mwanamke mwenye genge. Mama yake Muhsini, Bi Mwanne, alikuwa anaanika mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu." Akanitazama viatu, kisha uso. "Wewe ndiye Madam."

"Ndiye mimi."

Alinipa mkeka na maji ya kunywa, akamtuma mtu shambani. Aliendelea kugeuza mihogo yake.

Muhsini alikuja na jembe la palizi, jasho limemlowesha. Alikaa kwenye kizingiti, mbali na mkeka. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Namtumbo, yote yakapotea.

"Namba ulikuwa unazirekebisha," nilisema.

"Kila nilipokuja. Naangalia mbao imefura kiasi gani, naongeza nyuzi mbili, tatu. Likiwaka jua zinazidi, natoa. Kesho yake nakuta umerudisha za kwako. Nazirekebisha tena."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia siku ya kwanza. Ukaniambia niulize nyaya." Hakusema kwa hasira, ndiyo maana ilichoma. "Na kaka yako alikuwa pale mlangoni. Mtu ndiyo kwanza anarudi kwenye kazi, mkono haujapona. Nimwambie mbele yako kwamba kazi yake imeharibika? Nikasema nitaibeba kwenye programu, haitamdhuru mtu."

"Na ile miguu minne?"

"Mninga. Ule haufuri. Mgeni uliyemwona ni binamu yangu, seremala wa Namtumbo. Nilitaka nimbadilishie Kinyonga siku moja kabla ya wageni, kisha nimpake rangi, Kajetani asijue. Ndiyo nilikuwa nacheka na mama kwenye simu, namwambia Madam atashangaa."

Bi Mwanne aliacha kugeuza mihogo.

"Kwa nini hukuyasema haya ofisini, Muhsini?"

"Walikuwa watu kumi na wawili. Na aliyekuwa anawaambia ni wewe. Angekuwa mwingine ningebishana naye mpaka Magharibi." Alifuta udongo kwenye jembe kwa kidole. "Nikaona, kama hata wewe umeamini, nitamweleza nani?"

Nilimwomba msamaha. Nililia, jambo ambalo sikulipanga. Alisubiri mpaka nimalize.

"Mimi sina kinyongo na wewe, Madam. Nilikuombea hata kwenye mwezi ule. Ila jina langu liko Songea, na sitalirudia likiwa hivyo lilivyo."

Bi Mwanne alinifungia mihogo mikavu kwenye kitambaa. Sikustahili, nikaipokea kwa mikono miwili.

19 Mei

Mstarini, shule nzima imesimama. Niliomba nafasi kwa Mkuu, akadhani natangaza mitihani. Nilisema yote. Nilisema namba zilizomwangusha Kinyonga zilikuwa zangu, na zilizokuwa zikimsimamisha zilikuwa za Muhsini, na kwamba nilimwita mwizi mtu aliyekuwa ananisaidia bila kutaka kumwaibisha ndugu yangu. Kajetani ameniruhusu kumtaja. Alisema, "Taja. Vanishi ni yangu, mdomo ni wako."

Leonce alitazama chini muda wote. Sikumtaja. Neno lilianza kwake, lakini alinitazama mimi nilitie muhuri, nikalitia.

Baada ya mstari Rosemary alinifuata, macho mekundu. "Madam, sisi tulimzomea. Mwezi wa tatu, siku tatu mfululizo, tukitoka shule tulipita kibandani kwake tunaimba mwizi, mwizi. Watu wote wa sokoni walisikia."

Nilidhani nimemaliza. Kumbe nilikuwa nimesema mahali padogo kuliko pote.

20 Mei

Nimekwenda sokoni saa nane, baada ya vipindi, na Rosemary na wenzake wanane nyuma yangu. Nilianza kwa Lukresia. Alinisikiliza huku anapunga nzi juu ya dagaa.

"Siku uliposema ni mwizi, hukuja kutuambia," alisema. "Lilifika lenyewe. Kabla ya saa kumi wateja walikuwa wanadai simu zao, mmoja alimshika shati. Sasa hili jingine ndiyo umelileta kwa miguu?"

"Halitafika lenyewe, mama."

"Halitafika." Alifikiri. "Basi usiniambie mimi. Mimi nilimjua. Anzia kule kwa wauza vitumbua, pita mstari mzima, umalizie kwa bodaboda. Nitawasikia wakisimulia."

Nikaenda. Wauza vitumbua walinisikiliza kwa sababu ya kushangaa. Mshona nguo alinirudishia chenji ya maneno: "Walimu nanyi mnasema uongo?" Nikasema ndiyo, mimi nilisema. Mmoja wa bodaboda, aliyemshika shati Muhsini siku ile, alivua kofia akaondoka. Kufikia saa kumi na moja koo lilikuwa limekauka na wasichana walikuwa wamegawana upande wa pili wa barabara, kila mmoja anajieleza kwa meza yake.

Wa mwisho alikuwa mzee mshona viatu, anaketi pembeni kabisa, karibu na mtaro. Nilimsalimia, nikamwambia nimekuja kusema kwamba Muhsini hakuiba kitu.

"Muhsini yupi?" aliuliza.

Hakuwahi kusikia. Ningeweza kushukuru na kuondoka. Alisogeza gogo la kukalia, akaweka sindano chini, akanisubiri. Nikakaa, nikaanza kumweleza Muhsini ni nani.